Laptopu ‘nzito’ za mtumba: Mnunuzi apime kasi kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

WAFANYABIASHARA wadogo wa Handeni na Korogwe wanaonunua laptopu zilizotumika wanashauriwa kupima kasi ya prosesa kabla ya kutoa fedha. Laptopu inayoitwa ‘nzito’ inaweza kuwa nzima ila imebanwa kasi, na ile inayoonekana nyepesi katika dakika mbili za kwanza inaweza kuwa na ugonjwa wa joto utakaojitokeza mnunuzi akishafika nyumbani.

Tofauti ya hali hizo mbili ni fedha. Ya kwanza huuzwa kwa bei ya kutupa wakati dawa yake pengine ni chaja tu. Ya pili huuzwa kwa bei kamili wakati inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na pengine kubadilishiwa feni.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, jambo hilo humalizwa kwa kurudi dukani kesho yake. Kwa mnunuzi wa Chanika mjini Handeni au wa Manundu mjini Korogwe aliyenunua mzigo wake Kariakoo, kurudi dukani ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kufunga biashara. Kwa hiyo kipimo kinachofanyika mezani kwa muuzaji ndicho dhamana ya kwanza, na mara nyingi ndicho dhamana pekee.

Kwa nini Linux imeingia sokoni

Laptopu nyingi zinazozungushwa katika biashara hii zilikuwa mashine za ofisi huko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Majina yanayofahamika zaidi ni Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Ni mashine zilizojengwa kwa kazi ya kila siku, na vipuri vyake havina taabu sana kupatikana.

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya programu yake ya Windows 10. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai rasmi prosesa za Intel za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Laptopu za kizazi cha 6 na cha 7 zikabaki njia panda: mashine ni nzima, lakini programu yake rasmi imefika mwisho.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Ni mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, haulipiwi leseni, na matoleo yake kama Ubuntu na Linux Mint huendelea kupata masahihisho ya usalama hata kwenye mashine za miaka mingi. Mwenye steshenari anayechapa barua, anayejaza maombi ya leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI na kutuma ritani za TRA anaweza kufanya kazi hizo kwa Linux na kivinjari cha kawaida.

Hata hivyo, aliyezoea Windows akikuta mashine yake mpya ya Linux inajivuta, hukimbilia kulaumu Linux au kulaumu umri wa laptopu. Yote mawili yanaweza kuwa lawama za bure. Kuna chombo ndani ya mashine kinachotaja kasi halisi kwa namba, na Linux huionyesha namba hiyo wazi kwa yeyote anayejua pa kuitazama.

Suala hili si la mafundi peke yao. Tangu mfumo wa manunuzi ya umma wa NeST uanze kutumika mwaka 2023, hata mzabuni mdogo wa vifaa vya shule hutuma zabuni yake kwa kompyuta. Ritani ya VAT nayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Saa ya mwisho ikifika, mfumo haumsubiri mtu ambaye laptopu yake inafungua ukurasa mmoja kwa dakika tano.

Prosesa moja, kasi tatu

Kasi ya prosesa hupimwa kwa gigahetsi, kwa kifupi GHz. GHz 1 ni megahetsi 1,000, yaani MHz 1,000. Wauzaji wengi hutaja namba moja tu, lakini prosesa ya kisasa ina namba tatu.

Tuchukue mfano wa Intel Core i5-8250U, iliyotoka Agosti 2017 na kuwekwa katika mashine kama ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 7490. Kasi yake ya msingi ni GHz 1.6. Kasi yake ya juu kabisa ni GHz 3.4. Ikiwa haina kazi, huteremka hadi GHz 0.4, sawa na MHz 400, ili kuokoa umeme.

Kile kipande kati ya 1.6 na 3.4 ndicho kinachoitwa turbo. Intel walikileta mwaka 2008 kwa jina la Turbo Boost, na AMD wakafuata mwaka 2010. Turbo hutolewa kwa masharti: umeme uwepo wa kutosha, joto liwe chini ya kikomo, na mfumo usiwe umeikataza. Sharti moja likivunjika, kasi hushuka.

Anayesafiri kwa basi kutoka Segera kupitia Korogwe na Mombo kuelekea Arusha anaujua utaratibu huu. Injini ya basi inaweza kwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa, lakini kidhibiti mwendo hakiruhusu. Abiria akiona basi haliendi, hawezi kujua akiwa kitini kama injini imechoka au kidhibiti kimebana. Dereva hujua kwa kutazama mshale.

Mfano mwingine uko jirani zaidi. Kituo cha umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kilichoanza kazi mwaka 1964, kiliwekewa mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21. Hiyo ni namba ya mitambo. Umeme unaotoka siku fulani hutegemea maji ya mto Pangani na afya ya mitambo yenyewe. Namba iliyobandikwa kwenye laptopu nayo ni hivyo hivyo: ni uwezo, si ahadi ya kila saa.

Dakika 10 mezani

Mnunuzi aende na flashi yenye Ubuntu. Toleo hilo huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi kwa majaribio bila kugusa chochote kilichomo ndani ya laptopu. Muuzaji mwenye mali safi hana sababu ya kukataa.

Hatua ya kwanza ni kuchomeka chaja itakayouzwa pamoja na mashine, si chaja ya duka. Sababu yake itaonekana mbele.

Hatua ya pili, fungua dirisha la amri na uandike:

lscpu | grep -E "Model name|MHz"

Mashine itataja jina la prosesa, kasi ya juu na kasi ya chini. Kwa i5-8250U tarajia 3400 juu na 400 chini. Jina lisipofanana na alichotaja muuzaji, mazungumzo ya bei yaanze upya hapo hapo.

Hatua ya tatu, tazama kasi inavyobadilika kila sekunde:

watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"

Mashine isiyo na kazi ikisoma 400 au 800, hiyo si kasoro. Imepumzika. Kipimo ni pale inapopewa mzigo.

Hatua ya nne, fungua dirisha la pili na uipe mzigo wa dakika 10:

for i in 1 2 3 4 5 6 7 8; do timeout 600 sha256sum /dev/zero & done

Amri hii huipa prosesa kazi nane za hesabu kwa wakati mmoja, na hujizima yenyewe baada ya sekunde 600. Kwa mashine ndogo yenye nyuzi nne, andika 1 hadi 4. Sasa tazama namba za dirisha la kwanza, na usikilize feni.

Namba zinavyosomwa

Kuna majibu matano ya kawaida, na kila moja lina maana yake sokoni.

Jibu la kwanza: kasi inapanda juu kwa nusu dakika hivi, kisha inashuka kidogo na kutulia juu ya kasi ya msingi. Hiyo ni afya njema. Prosesa hii ni ya wati 15 kwa mwendo mrefu, na huruhusiwa kuvuka kiwango hicho kwa muda mfupi tu. Kushuka huko kumo ndani ya mpango.

Jibu la pili: kasi imeganda kwenye 400 au karibu na hapo tangu sekunde ya kwanza, wala haipandi kwa mzigo wowote. Mshukiwa wa kwanza ni chaja, wa pili ni betri, wa tatu ni kasoro kwenye ubao wa mashine.

Jibu la tatu: kasi inafika kwenye msingi, mathalani 1600, na haivuki hapo hata kwa kazi moja ndogo. Turbo imefungwa, ama katika Linux ama katika BIOS. Kwa kawaida dawa yake haigharimu hata senti.

Jibu la nne: mwanzo mzuri, kisha baada ya dakika tatu au nne kasi inaporomoka chini ya msingi huku feni ikilia au, vibaya zaidi, ikiwa kimya. Hilo ni joto.

Jibu la tano: kasi ni nzuri mwanzo hadi mwisho, lakini mashine bado inajivuta katika kufungua programu. Basi prosesa haina hatia. Tazama diski kama ni ile ya zamani ya kuzunguka, na RAM kama ni GB 4 tu. Anayebadilisha feni hapo anatupa fedha.

Ni vyema ikumbukwe kuwa si kila prosesa ina turbo. Core i3-6100U, kwa mfano, hukaa kwenye GHz 2.3 na haina turbo. Fundi anayedai malipo ya ‘kuirudisha’ anauza hewa.

Chaja: kasoro ndogo, hasara kubwa

Chaja za Dell zenye ncha ya mviringo zina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haibebi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuiambia laptopu kuwa chaja ni halali na ni ya wati ngapi. Pini ikipinda, waya wake ukikatika au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu huwaka kama kawaida lakini hukataa kuchaji betri na hubana kasi, mara nyingi hadi MHz 400 au 800.

Hapo ndipo soko linapochanganyikiwa. Taa inawaka, skrini inaonyesha, kila kitu kinafunguka, lakini polepole mno. Muuzaji asiyejua huandika ‘mbovu’. Mnunuzi anayejua huingia katika BIOS kwa kubonyeza F2 wakati wa kuwasha na kusoma aina ya chaja inayotajwa. Ikisomeka kuwa haijulikani, ajaribu chaja halisi kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa mashine zinazochaji kwa USB-C, kosa la kawaida ni kutumia chaja ya simu. Laptopu iliyotengenezewa wati 45 au 65 ikipewa chaja ndogo ya simu, itachaji polepole na kubana kasi, au itakataa kabisa. Betri iliyokufa au kuondolewa nayo hubana baadhi ya mashine, kwa kuwa chaja peke yake haitoshi pale prosesa inapotaka umeme mwingi kwa ghafla.

Joto la Korogwe si joto la ofisi ya Ulaya

Jambo hili halizungumzwi sana na wauzaji. Feni na vipande vya shaba ndani ya laptopu haviwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Vinaweza tu kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoizunguka.

Tuseme mashine yenye vumbi kiasi, ikiwa na mzigo, hukaa nyuzi 70 juu ya joto la chumba. Katika ofisi ya nyuzi 22, prosesa itakuwa na nyuzi 92. Kikomo cha i5-8250U ni nyuzi 100, kwa hiyo itafanya kazi bila kulalamika. Ipeleke mashine hiyo hiyo kwenye kibanda cha bati Korogwe mchana wa Februari, hewa ikiwa nyuzi 34. Hesabu inafika 104. Prosesa hairuhusu jambo hilo, hivyo hupunguza kasi yenyewe hadi joto lirudi chini ya kikomo.

Ina maana kwamba laptopu inaweza kufaulu mtihani katika duka lenye kiyoyozi Kariakoo na kufeli Handeni. Mnunuzi wa kanda hii asiridhike na mashine inayogota karibu na nyuzi 95 dukani. Aitafute ile inayobaki na nafasi. Joto husomwa kwa amri ya sensors, au kwa kutazama namba hii kabla na baada ya mzigo:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count

Namba hiyo huhesabu mara ambazo prosesa imepunguza kasi kwa ajili ya joto tangu mashine iwashwe. Ikiwa ilikuwa 0 na baada ya dakika 10 imekuwa mamia, usibishane na muuzaji, mwonyeshe.

Tiba ni ya kawaida: kupuliza vumbi, kuweka upya pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na shaba, na kuhakikisha feni inazunguka. Katika miji ya barabara kuu kama Korogwe, au njiani Mkata na Segera, vumbi si la kusafishwa mara moja na kusahauliwa. Mashine iwekwe juu ya meza ngumu, si juu ya kitambaa wala godoro.

Mipangilio ya Linux yenyewe

Kabla ya kumlipa fundi, mwenye laptopu akague mambo manne ambayo hayana gharama.

Kwanza ni hali ya umeme. Katika Ubuntu za karibuni, menyu ya kona ya juu ina chaguo la kuokoa umeme, la wastani, na kwa mashine zinazoliruhusu, la nguvu kamili. Amri ya powerprofilesctl get hutaja lililopo. Mashine iliyosahauliwa kwenye kuokoa umeme itajivuta hata ikiwa kwenye chaja. Kuirudisha kati, andika powerprofilesctl set balanced.

Pili ni kikomo kilichowekwa na mtumiaji aliyetangulia. Linganisha namba mbili zilizomo katika /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/: ile ya scaling_max_freq na ile ya cpuinfo_max_freq. Zimeandikwa kwa kilohetsi, hivyo 3400000 ni GHz 3.4. Ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, kuna mtu au programu iliyobana.

Tatu ni turbo. Kwa mashine nyingi za Intel, soma:

cat /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Hapa pana mtego wa lugha. Jina la faili ni ‘hakuna turbo’, kwa hiyo 0 maana yake turbo ipo na 1 maana yake imefungwa. Kuifungulia:

echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Mashine ikikataa na kusema haikuruhusiwa, turbo imefungwa katika BIOS na huko ndiko pa kuifungulia. Kwa mashine nyingi za AMD faili ni /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost, na hapo hesabu ni kinyume: 1 ni kuwashwa, 0 ni kuzimwa.

Nne ni programu mbili zinazogombania usukani. TLP na ile inayoendesha menyu ya umeme ya Ubuntu hazitakiwi kufanya kazi pamoja. Chagua moja.

Aidha, mwenye laptopu asishtuke akiona neno powersave katika faili ya scaling_governor. Kwa Intel zinazotumia kiendeshi cha intel_pstate katika hali yake ya kawaida, neno hilo halina maana ya kubana. Kasi bado hupanda kazi ikija. Ni katika kiendeshi cha zamani cha acpi-cpufreq ambapo neno hilo huigandisha prosesa kwenye kasi ya chini kabisa. Faili ya scaling_driver, iliyo pembeni yake, hutaja kiendeshi kilichopo.

Wakati ambapo kufunga turbo ni faida

Si kila mara kasi ya juu ni faida. Mwenye kibanda anayetegemea betri ya sola, au anayeendesha jenereta umeme ukikatika, hulipia kila wati. Kuandika barua, kujaza daftari la mauzo au kutuma fomu hakuhitaji GHz 3.4. Turbo ikifungwa, joto hupungua, feni hutulia na betri huchelewa kuisha.

Kwa anayetumia TLP, mistari miwili katika /etc/tlp.conf hulimaliza jambo hilo kwa kudumu:

CPU_BOOST_ON_AC=1
CPU_BOOST_ON_BAT=0

Yaani turbo iwepo ukiwa kwenye umeme, isiwepo ukiwa kwenye betri. Ni vizuri kufanya hivyo kwa TLP, kwa kuwa amri ya mkono iliyotajwa juu hufutika kila mashine inapozimwa.

Kufunga turbo pia ni njia ya halali ya kuvuka msimu wa joto wakati feni inasubiri kuagizwa. Mashine itatoa kazi ndogo kidogo lakini kwa mwendo usioyumba, badala ya kupanda na kuporomoka kila dakika.

Kuna njia ya mkato ambayo wawekezaji wadogo waiepuke. Baadhi ya mafundi huzima kabisa ile alama inayotoka nje ya prosesa kuiamuru ipunguze kasi. Laptopu hufufuka papo hapo na mteja hufurahi. Lakini alama hiyo huletwa pia na sehemu za umeme za ubao zinapozidiwa. Kuizima bila kujua chanzo ni sawa na kukata waya wa taa ya onyo la mafuta kwenye lori na kuendelea na safari. Fundi akisema ‘nimeitoa limiti’, mwulize kilichokuwa kinaiamuru mashine ibane. Asipokuwa na jibu, kasoro bado imo.

Hesabu ya mnunuzi

Tuweke mfano wa namba, si bei za soko. Tuseme laptopu nzima ya aina fulani ni Sh. 450,000, na nyingine ya aina hiyo hiyo imewekwa pembeni kama ‘nzito’ kwa Sh. 250,000. Pengo ni Sh. 200,000.

Mnunuzi akipima na kukuta jibu la pili, kisha chaja halisi ikaifufua, na chaja hiyo ikagharimu Sh. 50,000, amepata mashine kwa Sh. 300,000. Ameokoa Sh. 150,000. Chaja halisi isipoifufua, kasoro iko kwenye ubao, na bei ya haki ni ile ya vipuri: skrini, kibodi, RAM na diski.

Akikuta jibu la tatu, pengo lote la Sh. 200,000 ni lake kwa mstari mmoja wa amri. Akikuta jibu la nne, atoe gharama ya usafi na feni, kisha aongeze tahadhari kwa kuwa joto la muda mrefu huchosha na betri pia.

Upande wa pili wa hesabu ni muda. Mashine iliyoganda kwenye GHz 0.4 badala ya 3.4 ina kasi ndogo mara 8.5. Kazi ya prosesa ya dakika moja inaweza kuchukua dakika nane na nusu. Katika steshenari yenye foleni, mteja wa tatu hatasubiri. Ataenda duka la jirani, na fedha yake itaingia huko.

Muuzaji naye ana faida yake

Muuzaji wa Handeni au Korogwe anayeleta laptopu tano au kumi kwa mara moja ana sababu kubwa zaidi ya kupima. Akipima Kariakoo, anachagua. Akipima baada ya kufika, anagawa hasara. Mashine ya ‘mbovu’ iliyotambuliwa kuwa ni ya chaja tu humwachia faida kuliko ile aliyoinunua nzima.

Anayetaka wateja warudi aandike katika risiti jina la prosesa, kasi iliyosomwa baada ya dakika 10 za mzigo, na wati za chaja iliyotolewa. Ni mistari mitatu. Humlinda mnunuzi dhidi ya kubadilishiwa mali, na humlinda muuzaji dhidi ya mnunuzi anayerudi wiki ya pili na chaja ya simu akidai aliuziwa mashine iliyokufa.

Mwelekeo wa soko hili unaeleweka. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimepoteza Windows rasmi lakini zinafanya kazi za ofisi ndogo kwa Linux bila shida, na kila mwaka ofisi za ng’ambo huachia za kizazi kipya zaidi. Mali itaendelea kuja ikiwa imechanganyika, nzima na gonjwa katika boksi moja. Kwa yule atakayekwenda sokoni, orodha ya safari ni fupi: flashi ya Ubuntu, chaja halisi ya aina ya mashine anayoitafuta, na dakika 10 za kusubiri kabla ya kutoa fedha mfukoni.